Kikundi cha Dansi ni cha Nani? Kuielewa Kazi ya Kuongoza Taasisi ya Sanaa ya Jamii

Kikundi cha dansi kinapopata ruzuku kubwa, au kinapovunjika huku wachezaji wakidai malipo yao, mjadala unaofuata huwa uleule. Wapo wanaosema kikundi ni cha mwanzilishi, kwa kuwa ndiye aliyewakusanya watu na kuhangaika nao tangu mwanzo. Wapo wanaosema ni cha wachezaji, kwa kuwa bila wao hakuna onyesho. Na wapo wanaoamini kwamba aliyetoa fedha ndiye mwenye kauli ya mwisho. Juu ya hayo huongezwa dai kwamba taasisi isiyo ya faida haipaswi kuwa na hela benki, na kwamba kiongozi wake akilipwa mshahara basi amekwisha kuwaibia watu. Madai haya yote yanasikika kuwa ya haki yanaposemwa kwa sauti kubwa, na yote yana kasoro.

Tuanze na maana ya maneno yenyewe. Taasisi ya dansi na sanaa ya jamii ni chombo kilichoundwa ili watu wa kawaida washiriki sanaa badala ya kuitazama tu. Hufundisha, hutunga na huonyesha, na wengi wa wanaoingia ukumbini mwake hawategemei sanaa kwa kipato. Mkurugenzi wa sanaa ni yule anayeamua kitakachotungwa, kitakachofundishwa na kiwango cha ubora kinachotakiwa. Mkurugenzi mtendaji hushughulikia fedha, mikataba, wafanyakazi na uhusiano na wafadhili. Bodi ni kundi la watu, kwa kawaida wasiolipwa, wanaowasimamia wakurugenzi hao, wanaopitisha bajeti, na ambao kisheria ndio watakaojibu taasisi ikienda mrama. Katika vikundi vidogo vyeo viwili vya kwanza hushikwa na mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyohuyo huichagua bodi kutoka miongoni mwa ndugu na marafiki zake. Migogoro mingi huanzia hapo, hata kama mhusika ni mwaminifu kabisa.

Neno linaloleta utata mkubwa zaidi ni hilo la kutokuwa na faida. Halina maana kwamba mapato hayaruhusiwi kuzidi matumizi. Taasisi ya namna hii inaweza kuuza tiketi, kutoza ada za madarasa, kukodisha ukumbi wake na kumaliza mwaka ikiwa na ziada. Kinachokatazwa ni kugawana ziada hiyo kama wanahisa wanavyogawana gawio: fedha zilizobaki hurudi kwenye kazi ambayo taasisi iliundwa kuifanya. Mshahara wa mkurugenzi ni gharama ya kazi, sawa na malipo ya fundi wa taa, mradi umepangwa na watu wengine wasio yeye mwenyewe na unaonekana katika hesabu. Kwa hiyo swali la kumwuliza kiongozi anayelipwa ni nani aliyeupanga mshahara wake, na kikao kilichoupitisha kilihudhuriwa na nani.

Tukishaelewa hivyo, swali la umiliki hujibika. Mwanzilishi hamiliki taasisi iliyosajiliwa kwa namna hii, wachezaji hawaimiliki, na mfadhili pia haimiliki. Inashikiliwa kwa niaba ya lengo lililoandikwa katika katiba yake, na kiongozi ni mwangalizi wa kitu kisicho chake. Jibu hili huwaudhi waanzilishi wengi, na ninawaelewa, kwa sababu hakuna anayeanzisha kikundi cha dansi kwa moyo baridi. Lakini mtu anayetaka kumiliki ana njia iliyo wazi ya kusajili kampuni, kulipa kodi za kampuni na kubeba hasara kwa mfuko wake. Haiwezekani kupokea michango ya umma kwa jina la jamii asubuhi, kisha jioni kudai kwamba jina, ukumbi na akaunti ni vya mtu binafsi.

Dhana nyingine iliyozoeleka ni kwamba mchezaji hodari kuliko wote ndiye anayefaa kuongoza. Uhodari wa jukwaani humpa mtu heshima ya wenzake, nayo ina thamani yake, lakini haumfundishi kusoma taarifa ya fedha wala kumwambia rafiki yake wa miaka mingi kwamba hatapata nafasi katika onyesho. Kinachohitajika zaidi ni uwezo wa kuona jinsi uamuzi mmoja unavyogusa watu wengine. Sakafu ni mfano mzuri. Mchezaji anapotua juu ya zege iliyofunikwa kwa kapeti jembamba, nguvu ya kutua humrudia katika vifundo vya miguu, magoti na mgongo, na akirudia mamia ya mara kwa wiki mwili hulipa. Sakafu iliyokusudiwa dansi huwa ya mbao zilizoinuliwa juu ya fremu au vipande vya mpira ili inepe kidogo, kisha juu yake hutandikwa zulia la vinyili, aina ya plastiki, lisiloteleza wala kunasa mguu. Sakafu hiyo ni ghali, na mtazamaji haioni. Kiongozi mwenye fedha za kutosha kununua ama sakafu ama mavazi mapya atavutwa na mavazi, maana mavazi hupendeza pichani na picha huwafurahisha wafadhili. Anayechagua sakafu ameonyesha kwamba anajua anachokiongoza.

Sambamba na dhana hiyo kuna dharau ya kimyakimya kwamba sanaa ya jamii ni makimbilio ya walioshindwa kuwa wasanii kamili. Mwaka 2001 Mark Morris Dance Group ya New York, kundi lenye jina kubwa katika dansi ya kisasa, lilishirikiana na Brooklyn Parkinson Group kuanzisha madarasa ya dansi kwa watu wenye ugonjwa wa Parkinson, ambao huathiri mwendo na mizani ya mwili. Walimu walikuwa wachezaji wa kundi lenyewe, na darasa liliendeshwa kama darasa la dansi, wala halikuwa tiba iliyovishwa muziki. Mwaka 2003 mjini Berlin, mbunifu wa dansi Royston Maldoom aliwaandaa vijana wapatao 250, wengi wao wakiwa hawajawahi kucheza jukwaani, kwa onyesho la muziki wa mtunzi Mrusi Stravinsky uliopigwa na okestra ya Berlin Philharmonic. Hakuna aliyewapunguzia vijana hao viwango kwa sababu walikuwa wa jamii; walipewa muda, walimu waliobobea na nidhamu. Ubora katika kazi ya namna hii upo, ila hupimwa pia kwa safari ambayo mshiriki ameipita tangu siku ya kwanza.

Fedha na mahali zinapopotelea

Watu wengi huamini kwamba ukumbi ukijaa, kikundi kinajitegemea. Tuchukue mfano wa kufikirika wa dansi ya dakika 20 yenye wachezaji 10, inayofanyiwa mazoezi ya saa tatu, mara tatu kwa wiki, kwa wiki sita. Kila mchezaji atakuwa amefanya mazoezi kwa saa 54, na wote kwa pamoja saa 540, kabla hatujamhesabu mshonaji, mpiga ngoma, fundi wa sauti, usafiri na kodi ya ukumbi. Onyesho likirudiwa mara mbili, saa hizo 540 zitakuwa zimezaa dakika 40 za jukwaani. Ili tiketi zifidie gharama hiyo yote, bei yake ingelazimika kupanda hadi ikawafungia mlango watu walewale ambao taasisi iliundwa kwa ajili yao.

Wanauchumi wa Marekani William Baumol na William Bowen walilichambua tatizo hili katika utafiti wao wa mwaka 1966 kuhusu sanaa za jukwaani. Kiwanda kikipata mashine bora, wafanyakazi walewale hutoa bidhaa nyingi zaidi, na mishahara yao inaweza kupanda bila bei ya bidhaa kupanda kwa kiasi hicho. Dansi ya watu 10 haiwezi kuchezwa na wanne kwa sababu tu teknolojia imeendelea, wala wimbo wa dakika 20 haumaliziki kwa dakika tano. Mishahara ikipanda katika uchumi mzima, gharama ya kuwaweka wachezaji hupanda nayo, ilhali kinachozalishwa kimebaki kilekile. Pengo hilo haliondoki kwa kiongozi kuwa mjanja wa biashara. Hupungua kidogo, kisha hurudi. Ndiyo maana taasisi za sanaa duniani kote huchanganya tiketi, ada, ruzuku, michango na kazi za kukodiwa, na kuitegemea ruzuku hakumaanishi kwamba zimeshindwa.

Lakini ruzuku nayo ina masharti ambayo wachezaji hawayaoni. Kuna fedha zinazotolewa kwa kazi yoyote ya taasisi, na kuna fedha zilizofungiwa shughuli moja tu. Za aina ya pili ni kama karo ambayo shangazi amekutumia kwa ajili ya mtoto wake anayeishi kwako: ipo mikononi mwako, paa lako linavuja, na bado si ya paa. Mchezaji anayesikia kwamba akaunti ina fedha nyingi, kisha akaambiwa hakuna ya nauli, hudhani anadanganywa, wakati huenda fedha zote zilizomo ni za mradi wa watoto unaoanza miezi mitatu baadaye. Kiongozi mwenye busara huyasema haya mapema, mbele ya wote, karatasi ya bajeti ikiwa mezani, badala ya kusubiri manung'uniko yageuke tuhuma.

Kuna pia suala la wakati. Wafadhili wengi hutoa fedha kwa awamu, na awamu ya mwisho huja baada ya ripoti kukubaliwa, wakati mafundi na wachezaji walishamaliza kazi. Taasisi isiyo na akiba hulazimika kukopa kwenye mradi mmoja ili ilipe mwingine, na hapo ndipo viongozi waadilifu huanza kuteleza bila kukusudia. Akiba ya kulipia gharama za lazima kwa miezi michache si anasa. Baadhi ya wafadhili huiona kama dalili kwamba taasisi haina shida, na huo ni mtazamo unaostahili kupingwa, sawa na ule unaodai kwamba kila senti iende jukwaani na isibaki ya mhasibu, umeme wala bima. Mradi wa dansi usio na mhasibu hauna hesabu za kumwonyesha mfadhili huyohuyo.

Historia ya Dance Theatre of Harlem inaonyesha uzito wa jambo hili. Kundi hilo la New York lilianzishwa mwaka 1969 na Arthur Mitchell, mchezaji Mweusi wa baleti, pamoja na Karel Shook. Lilipata sifa duniani, lakini mwaka 2004 madeni yalililazimisha kusitisha maonyesho ya kundi lake la kulipwa. Shule yake ya dansi nayo ilifungwa kwa muda mwaka huohuo, kisha ikafunguliwa tena na kuendelea kufundisha. Kundi lilirudi jukwaani mwaka 2012 likiongozwa kisanaa na Virginia Johnson, aliyewahi kuwa mchezaji wake mashuhuri. Sifa za jukwaani hazikulizuia deni, na kilichofunguliwa mapema zaidi na kubaki wazi katika miaka ile migumu ni sehemu iliyowahudumia wanafunzi.

Nani humwuliza kiongozi?

Bodi hueleweka vibaya kwa namna mbili. Wapo wanaoiona kama mapambo ya kujazia fomu za usajili, na wapo wajumbe wanaodhani kazi yao ni kuchagua mavazi na kupanga nani acheze mstari wa mbele. Bodi nzuri haiingii katika mazoezi kumsahihisha mkurugenzi wa sanaa, lakini inajua salio la benki, inasoma ripoti ya ukaguzi wa hesabu, inapanga na kupitia upya mshahara wa mkurugenzi, na ina uwezo wa kumwondoa. Mjumbe asiyeweza kupiga kura ya kumpinga mkurugenzi, kwa kuwa ni mdogo wake au amemkopa fedha, hasaidii kitu hata akihudhuria vikao vyote.

Umuhimu wa bodi huonekana zaidi katika ulinzi wa watoto na vijana. Dansi hufundishwa kwa mwili, na mwalimu hugusa bega, kiuno au goti ili kusahihisha mkao. Kwa sababu hiyo taasisi inahitaji taratibu zilizoandikwa: mwalimu aombe ruhusa kabla ya kugusa, mtu mzima asibaki peke yake na mtoto ndani ya chumba kilichofungwa, mzazi atoe idhini ya picha na safari, na pawe na mtu anayejulikana wa kupokea malalamiko. Mtu huyo hawezi kuwa mkurugenzi peke yake, kwa kuwa anayelalamikiwa anaweza kuwa mkurugenzi mwenyewe. Nimewasikia viongozi wakisema kwamba taratibu hizi zinaharibu hali ya kifamilia iliyopo kikundini. Mimi naona hali ya kifamilia ndiyo sababu ya kuzihitaji, kwa kuwa katika familia watu huona aibu kushtaki.

Upo ukaguzi wa namna nyingine, ule wa kazi yenyewe ya sanaa, na hapa viongozi wengi hukosa mbinu. Mbunifu wa dansi Liz Lerman, aliyeanzisha Dance Exchange nchini Marekani mwaka 1976 na kuwapandisha jukwaani wazee pamoja na wachezaji vijana, alibuni utaratibu wa kutoa maoni wenye hatua nne. Kwanza watazamaji hueleza kilichowagusa au kilichokuwa na maana kwao. Kisha mtunzi huuliza maswali kuhusu kazi yake. Halafu watazamaji humwuliza mtunzi maswali yasiyobeba hukumu ndani yake, yaani badala ya kuuliza kwa nini sehemu ya mwisho inachosha, mtu huuliza mtunzi alitaka kasi ya mwisho ifanye nini. Mwishoni hutolewa maoni, baada ya mtunzi kukubali kuyasikia. Utaratibu huu unaweza kuonekana mrefu, lakini katika kikundi chenye watu wa umri na elimu tofauti humpa nafasi ya kusema hata yule ambaye kwa kawaida hunyamaza, na humwondolea mkurugenzi mzigo wa kuwa mwamuzi pekee.

Dansi yenyewe ni ya nani?

Swali la umiliki wa taasisi hufuatiwa na la umiliki wa kazi. Hakimiliki hailindi hatua moja moja za dansi, kama vile kuruka au kuzunguka. Hulinda utunzi uliopangwa, hasa ukiwa umerekodiwa au kuandikwa. Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za fasihi na sanaa uliitaja dansi iliyotungwa katika marekebisho ya mwaka 1908. Kinachosahauliwa ni kwamba aliyetunga si lazima awe ndiye mwenye haki. Mbunifu wa dansi wa Marekani Martha Graham alianzisha kundi lake mwaka 1926 na akafariki mwaka 1991, akimwachia mali zake mrithi aliyemchagua. Mgogoro ulizuka kati ya mrithi huyo na kituo kilichokuwa na jina la Graham mwenyewe, kundi likasimama mwaka 2000, na mwaka 2002 mahakama ya New York ikaamua kwamba dansi nyingi kati ya 70 zilizogombewa zilikuwa mali ya kituo. Sababu kubwa ni kwamba nyingi Graham alizitunga akiwa mwajiriwa wa kituo hicho. Mwanzilishi aliyeipa taasisi jina lake hakuwa mmiliki wa kazi aliyoitunga humo ndani.

Somo kwa kiongozi wa kikundi kidogo ni la kiofisi tu. Kila mtunzi anayeingia asaini karatasi inayosema dansi itakuwa ya nani, nani anaruhusiwa kuicheza kikundi kikivunjika, na video zitahifadhiwa wapi. Kwa dansi za asili zilizorithiwa, ambazo hazina mtunzi mmoja, jambo la heshima ni kuwauliza wenye mila kabla ya kubadilisha, kuwataja panapostahili, na kuwashirikisha katika mapato. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi wa utamaduni usioshikika unazitambua jamii zenyewe kama wabebaji wa urithi huo.

Kuachia nafasi ni kazi ambayo viongozi huiahirisha kuliko zote. Dalili za taasisi iliyomwelemea mtu mmoja huonekana mapema: ni yeye pekee anayejua nywila za akaunti, wafadhili wana namba yake tu, na akiugua wiki mbili mazoezi yanasimama. Mbunifu wa dansi wa Marekani Alvin Ailey, aliyeanzisha kundi lake mwaka 1958, alifariki mwaka 1989, na Judith Jamison, aliyecheza humo kwa miaka mingi, akaliongoza hadi mwaka 2011 na kuliachia mwingine likiwa imara. Germaine Acogny na Helmut Vogt, waanzilishi wa shule ya dansi ya École des Sables nchini Senegal, walikabidhi uongozi wa kisanaa kwa watu wawili, Alesandra Seutin na Wesley Ruzibiza. Warithi wote hawa walikuwa wamekomaa kikazi kabla ya kukabidhiwa, na taasisi walizopewa zilikuwa na kazi zinazoweza kuendelea bila mwanzilishi kusimama katikati ya jukwaa.

Na si kila taasisi inapaswa kuendelea. Mbunifu wa dansi wa Marekani Merce Cunningham, aliyeanzisha kundi lake mwaka 1953, alitangaza kabla ya kifo chake mwaka 2009 mpango wa kulifunga: lingezunguka dunia kwa miaka miwili, kisha lingevunjwa, na dansi zake zingebaki chini ya wadhamini pamoja na kumbukumbu za kuwawezesha wengine kuzicheza. Onyesho la mwisho lilifanyika New York tarehe 31 Desemba 2011. Kufunga kwa mpango kuliwapa wachezaji muda wa kujiandaa na fedha za kuanzia maisha mengine, jambo ambalo kikundi kinachokufa kwa madeni hakiwezi kuwapa. Kwa hiyo katiba ya taasisi inapoandikwa, wakati kila mtu bado ana furaha, kifungu cha kuvunjwa kinafaa kusomwa kwa makini kama kile cha malengo: kiseme madeni na mishahara vitalipwa kwa utaratibu gani, mavazi, ala na rekodi vitakwenda kwa taasisi ipi yenye lengo linalofanana, na nani atakayetia saini, ili siku hiyo ikifika asiwepo wa kubeba spika nyumbani kwake akisema ni zake.